Pampu Iliyogoma Siku ya Ndoa ya Devotha

Nimehudhuria misiba mingi katika umri wangu huu. Ni mmoja tu ambao marehemu alikuwa basi.

Nawasihi msicheke kabla ya wakati. Hata siku ile nilikataza watu wasicheke, wala hakuna aliyenisikiliza.

Ilikuwa Jumamosi ya Februari, mwaka 1994. Miaka ya ruksa, biashara huria ilipofunguliwa mlango.

Mashirika ya umma yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine. Karakana ya mabasi niliyoitumikia kwa miaka kumi na tisa, nikiwa mtunza stoo, nayo ikafungwa. Mabasi yakapigwa mnada. Nikachukua mafao yangu, nikanunua moja kuukuu kati ya hayo, nikalipaka rangi ya bluu kwa mikono yangu mwenyewe.

Siku hiyo lilikuwa limebeba mzigo usio na bei: binti yangu wa kwanza, Devotha, ndani ya shela.

Tulikuwa tunampeleka kanisani, upande wa Matombo, kwa mchumba wake Geofrey. Ndoa ilipangwa saa sita mchana. Padri alikuwa ametuonya mapema: saa kumi kamili anaondoka kwenda kigango kingine, na Jumatano yake ni Jumatano ya Majivu. Kwaresima ikiingia, hafungishi ndoa mpaka Pasaka ipite.

Geofrey naye alikuwa mwalimu, amepewa uhamisho wa kwenda Rukwa. Alitakiwa kuondoka Jumatatu.

Nami nilikuwa nimekwisha kutamka mbele ya ukoo mzima: binti yangu hatoki nyumbani kwangu kumfuata mwanamume bila ndoa. Neno langu halikuwa na reverse.

Sasa sikilizeni kosa langu la kwanza.

Tangu Januari pampu ya pawa stelingi, ile inayolainisha usukani, ilikuwa inalia kama paka aliyebanwa mlangoni. Nilikuwa nimekwisha kununua mpya, Dar es Salaam, dukani, mchana kweupe, bila kibali cha mtu. Miaka kumi kabla yake, ungeisubiri pampu hiyo mpaka mtoto aliyezaliwa siku ya kuiagiza aanze darasa la kwanza.

Lakini stoo ilinifundisha kanuni: kipya hakitoki mpaka cha zamani kirudi kimekufa.

Kwa hiyo pampu mpya ilisafiri nasi ikiwa ndani ya boksi lake, chini ya kiti changu, ikisubiri mwenzake afe.

Mwenzake akafia Bigwa, saa nne asubuhi.

Ulisikika mlio mmoja mrefu, ukafuata moshi, kisha harufu ya mpira ulioungua. Dereva wangu, Benedikto, akaegesha pembeni.

"Mzee, pampu imekamata. Mkanda wake ndio unaozungusha na pampu ya maji; injini itachemka. Hatuendi popote."

Bahati ikawa nzuri na mbaya kwa pamoja. Hatua hamsini tu kutoka pale ilikuwapo gereji ya Pazi. Ubaya ni kwamba Pazi alikuwa mtani wangu. Yeye Mluguru, mimi Mnyamwezi. Mtani anaweza kukusimanga mbele ya watoto wako, na desturi ya mababu inakutaka ucheke.

Akaja akijifuta mikono kwa tambara lililo chafu kuliko mikono.

"Shikamoo mtani. Suti yote hiyo, unakwenda kumzika nani?"

"Marahaba. Fungua pampu."

"Mnyamwezi na haraka! Babu zako walitembea na mizigo kichwani kutoka Tabora mpaka pwani, hawakulalamika. Wewe una basi zima na bado unalia!"

Watu sitini wakaangua kicheko. Mimi nikatazama saa.

Pazi alikuwa fundi kweli, sikatai. Kwa robo saa alikuwa amekwisha kuzitoa bolti tatu zilizoishika pampu ile. Akazipanga juu ya jiwe, akapuliza mikono, akaivuta pampu.

Haikutikisika.

Akaigonga kwa nyundo. Kimya.

Akaimwagia mafuta ya taa. Kimya.

Mama mmoja muuza chai akaleta birika la maji ya moto, tukaikogesha. Kimya. Benedikto akachomeka nondo, akaining'inia miguu yote miwili hewani. Nondo ikapinda. Pampu ikabaki palepale, imetulia kama hakimu.

"Hiki ni kimeo, mzee wangu," Pazi akasema, jasho likimtiririka. "Sijapata kuona."

Hapo ndipo nilipofungua kinywa changu.

"Aliyeifunga pampu hii hakusoma!" nikasema kwa sauti. "Huu ni ufundi wa kubahatisha. Enzi zetu mtu kama huyu angeandikiwa barua ya onyo!"

Saa tano nikayarudia maneno hayo. Saa sita nikayarudia tena, nikaongeza kwamba hata mama yake anapaswa kuona haya.

Ilipofika saa saba kasoro, Pazi akaweka spana chini. Akaazima khanga kwa mmoja wa akina mama, akajifunga kichwani, akashika kiuno na kulia kwa sauti ya kutisha:

"Jamani eeh! Basi la mtani wangu limetutoka!"

Ukawa msiba.

Akina mama waliovaa vitenge vya sare walianza kuimba nyimbo za maziko. Mke wangu Filomena, mama wa bibi harusi, mwanamke ninayemheshimu, alikuwa ameushika mlango wa basi, machozi ya kicheko yakimharibu poda.

Pazi akasimama juu ya tairi la akiba kusoma wasifu.

"Marehemu alizaliwa Ulaya. Akaja nchini kulitumikia taifa, akalitumikia sana. Akastaafishwa. Akaolewa na Mnyamwezi. Ndugu waombolezaji, hapo ndipo maradhi yalipoanza!"

Kisha akajilaza chali chini ya injini, mikono kifuani.

"Sitoki kaburini humu mpaka mfiwa anipe jogoo!"

Nikamwambia huu si wakati wa upuuzi. Nikaambiwa na watu sitini kwamba mfiwa hamnunii mtani. Jogoo akatolewa kwenye tenga la zawadi za wakwe. Pazi akampokea akiwa hukohuko chini, akamshukuru jogoo huyo akimwita kwa jina langu.

Mtu mmoja tu hakucheka.

Devotha alikuwa amekaa kwenye ngazi ya basi, shela amelikusanya magotini.

"Baba," akaniita taratibu. "Geofrey anaondoka Jumatatu."

Mimi, niliyekuwa na majibu ya kila kitu tangu darasa la nne, nikaishia kutazama saa.

Akainuka. Akashuka akiwa ameinua gauni kwa mkono mmoja, akasogea mpaka kwenye injini, akainama.

"Mjomba Pazi, umetazama na nyuma yake?"

"Nyuma hapaingii kichwa, mwanangu."

"Kioo kinaingia."

Akatoa kwenye mkoba wake kioo kidogo cha poda, akampa. Pazi akakipenyeza nyuma ya pampu, Benedikto akamulika kwa tochi. Watu wakasogea, maana mtani alikuwa ameacha utani.

"Mama yangu!" akasema Pazi. "Ipo ya nne!"

"Ya nne nini?"

"Bolti! Imejificha kwa nyuma, kichwa kimechongwa mviringo, spana haishiki. Na kimegongwa herufi. Ngoja, kioo kinazigeuza... A. Halafu hii... K. A.K.! Jamani, adui yetu anaitwa A.K.!"

"Ndiye yule ambaye hakusoma!" akapaza sauti mama mmoja.

"Ambaye mama yake aone haya!" akaitikia mwingine.

Damu yangu iliganda, katika joto la Februari, Morogoro.

Mwaka 1982 pampu za mabasi yetu zilikuwa zikiibwa kama mahindi mabichi. Vipuri havikuwapo nchini, na mwizi alikuwa na soko kuliko duka. Nikaandika pendekezo la kurasa mbili, kwa Kiswahili sanifu, kwamba kila pampu iongezewe bolti ya siri, kichwa kisishikike, na uzi wake uchongwe kinyume, ili mwizi akidhani anaifungua, kumbe anaikaza. Zilichongwa sita za majaribio. Nikazigonga alama yangu kama nilivyogonga kila kitu kilichopita mikononi mwangu, nikazifunga mwenyewe. Siku ya Mei Mosi nikapewa cheti na redio ndogo.

Kisha nikasahau kabisa.

Sasa niseme ukweli mbele ya wajukuu zangu wanaosoma hapa. Shetani alinijia akiwa na hoja nzuri sana.

Akasema: A.K. ni wengi. Anaweza kuwa Abdallah Kondo. Anaweza kuwa marehemu yeyote. Nani atajua?

Hakuna ambaye angejua. Lakini Pazi alikuwa amekwisha kushika tindo na nyundo, anajiandaa kuigonga kuelekea kushoto, kama fundi yeyote mwenye akili. Na kila pigo lingeikaza zaidi. Nikinyamaza, nabaki na heshima yangu, na Devotha anabaki na shela lake.

"Acha!" nikasema.

Pazi akageuka.

"Igonge kuelekea kulia. Uzi wake ni wa kinyume."

"Umejuaje, mtani?"

Nikafunga kifungo cha koti. Nikasimama kama ninavyosimama wimbo wa taifa ukipigwa.

"A.K. ni Athanas Kasanda."

Hata jogoo aligeuza shingo.

Kisha Pazi akakaa vumbini, taratibu, kama mtu aliyekatwa miguu.

"Msiba umempata muuaji," akasema kwa sauti ndogo. Halafu ikampasuka: "Mnyamwezi! Umemtegea mwizi miaka kumi na miwili, ukanunua mtego, ukaingia mwenyewe, na harusi nzima nyuma yako!"

Sijapata kusikia kicheko cha namna ile. Watu waliegemea basi. Watu waliegemeana. Filomena alilala kwenye majani.

Nami, jambo la ajabu, nikasikia kitu kinatekenya mbavuni. Nikajizuia. Kikanishinda. Nikacheka mpaka miwani ikaanguka.

"Niliyeifunga ndiye nitakayeifungua," nikasema nilipopata pumzi.

Nikavua koti, nikavaa ovaroli la Pazi, nikaingia chini na tindo. Pigo la kwanza, kimya. La pili, mlio mdogo. La tatu, bolti ikazunguka, pampu ikaniangukia tumboni, na oili ya miaka yote ikanishukia usoni.

Vigelegele vilisikika pengine mpaka Kilakala.

Saa nane kamili tuliondoka, pampu mpya ikinong'ona kama bibi anayetunza sakristia ya kanisa. Pazi alipanda nasi akiwa na koti langu mwilini.

"Nakutunzia lisichafuke, mtani."

Tukapita Kiroka, tukapita Mkuyuni. Benedikto alikata kona za mlimani kwa kidole kimoja, na abiria wakimpigia makofi kila kona. Saa kumi kasoro dakika tano tukasimama mbele ya kanisa. Padri alikuwa mguu mmoja ndani ya gari lake.

Akarudi mbio mlangoni, akavaa upesi, akauliza: "Mzazi wa bibi harusi yuko wapi?"

Pazi, ambaye hajawahi kukosa sala ya Ijumaa, akaweka sawa koti langu.

"Ndimi, Padri."

Padri akampa mkono. Kisha akaniona mimi, mweusi kwa oili kuanzia nywele.

"Na wewe fundi, Mungu akubariki. Kaa na gari."

Nikakaa na gari. Ningefanya nini? Mtani hanuniwi, na mbele ya kanisa hapagombwi.

Kwaya ikaanza. Devotha akapiga hatua mbili akiwa ameshika mkono wa Pazi, kisha akasimama. Akageuka. Akaja mpaka kwenye basi, akapitisha glovu yake nyeupe kwenye mkono wangu.

"Binti," padri akasema kwa upole, "huyo ni fundi."

"Ndiyo, Padri. Ndiye aliyeifunga na ndiye aliyeifungua. Pia ni baba yangu."

Tukaingia. Geofrey alikuwa mbele kabisa, analia waziwazi bila aibu. Picha ipo hadi leo: glovu moja nyeupe, nyingine ina alama za oili za vidole vyangu vyote vitano.

Wajukuu zangu na ninyi nyote mnaosoma, somo langu ni fupi. Kabla hujamtukana aliyekaza bolti, uliza kwanza jina lake. Na ukiambiwa ni lako, vua koti.

Ingawa, mkivua, angalieni mnampa nani alishike. Koti langu Pazi hajalirudisha mpaka leo.