Dawa Tatu Ndani ya Rejeta Moja

Rutayisire hajawahi kuniambia kwamba gari lake limeharibika. Husema limeugua. Ana gari la viti saba hapa Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na mtaa mzima humtegemea kwa safari za Mbarara. Zamani, kule Minembwe, Kongo, alikuwa mfugaji mwenye zizi lake. Ukimuuliza ng'ombe wake walibaki na nani, hujibu kwamba wako malishoni, kisha anakuuliza bei ya nyanya. Sisi majirani tulikwisha kuzoea.

Jumatatu moja rejeta ilianza kuvuja. Fundi wa Isingiro alimweleza bila kuzunguka: tundu ni dogo, chupa moja ya dawa ya kuziba itamvusha wiki kadhaa, la sivyo anunue rejeta nyingine amalize kazi. Rutayisire akanunua dawa. Alisema mnyama hachinjwi kwa sababu ya kidonda cha ukucha. Fundi alicheka, akamwonya asiongeze kitu kingine humo ndani.

Haraka yote ilikuwa ya Alhamisi. Mukashema, mama mzee mjane wa mtaa wetu na jirani wa Rutayisire tangu Minembwe, alikuwa haoni tena ila mwanga na vivuli. Alipangiwa kutolewa mtoto wa jicho katika hospitali moja ya Mbarara, na madaktari wageni waliokuja kwa kazi hiyo walikuwa wanamaliza siku ileile. Asiyefika kabla ya saa nne angengoja mwaka mzima, na aliambiwa jicho lake halina mwaka wa kungoja. Mimi, Uwamahoro, nilichaguliwa kumsindikiza kwa sababu nakijua Kinyankole na kwa sababu, wanavyosema wao, nina mdomo.

Sasa niseme kosa, maana lilikuwa letu, si la fundi. Kwetu ng'ombe akiugua, jirani haji mikono mitupu. Kila mmoja huleta dawa yake, na mwenye ng'ombe hakatai hata moja, kwa kuwa kukataa dawa ya mtu ni kumwambia kwamba humwamini karibu na zizi lako. Basi Jumatano jioni Mukashema akaja, fimbo mkono mmoja, bakuli mkono wa pili. Ndani mlikuwa na unga wa muhogo uliokorogwa kwa maji.

"Kule kwetu bashoferi ba malori banatiaka hii," alisema. "Inafunga tundu mara moja."

Na mimi, mwenye mdomo, nilileta ute wa mayai manne. Nilikuwa nimesikia kwa mchuuzi mmoja kwamba yai likiiva humo ndani huziba kila kitu. Hilo la kuziba kila kitu halikunishtua hata kidogo, na hadi leo najionea aibu.

Rutayisire alilitazama bakuli, akamtazama yule mama, akafungua kifuniko cha rejeta. Akamimina dawa zote, ya kwake, ya Mukashema na yangu. "Aksanti sana," alitwambia, kila mmoja kwa jina lake.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Hadi Isingiro hapakudondoka hata tone, na tulijisifu kweli. Tulipopita Kaberebere na kuanza kupanda, mshale wa joto ukapanda nasi. Kwanza tulisikia harufu ya ugali unaoungua, kisha mvuke ukatoka kwa kishindo, na Rutayisire akaegesha pembeni. Ilikuwa saa mbili na nusu.

Kwa bahati karakana ya fundi aitwaye Kabera, Mnyankole, ilikuwa ng'ambo ya barabara. Alikuja mbio akipiga kelele tusiguse kifuniko. Aliacha injini ipoe, akafunika kifuniko kwa gunia lililoloa, akafungua polepole. Alipochokoa kwa waya, likatoka bonge jeupe lenye utando wa kijivu.

"Sebo, nani alipika posho humu?" aliuliza kwa Kiswahili cha Uganda, posho yao ikiwa ugali wetu. "Dawa peke yake ingewafikisha Mbarara. Hii sasa imekufa. Weka ingine."

Rejeta nyingine ingetafutwa Mbarara, na kuifunga kungekula siku nzima. Nikasimamisha bodaboda. Mukashema alikuwa amekwisha kuketi kwenye jiwe kando ya gari, fimbo kwenye mapaja.

"Mama, panda," Rutayisire alimwambia. "Saa inaenda."

"Nipande niende wapi? Ngombe ya muntu ikianguka mu njia, wenzake banaendelea na safari? Nani alikufundisha ile? Na unga ilikuwa yangu. Nitabakia hapa mpaka isimame."

Nilimsihi. Nilimkaripia hata, jambo ambalo mtu wa umri wangu hafanyi kwa mama kama yule. Hakutikisika. Dereva wa boda akaanza kuwasha pikipiki aende zake, na mimi nikaanza kulia kwa hasira, kwa kuwa mayai yalikuwa yangu.

Rutayisire alichuchumaa mbele yake, akamshika magoti.

"Mama, hii haiko ngombe. Ni motokari. Ngombe zangu zilikwisha."

"Unasemaka ziko kwa majani."

"Ninasemaka vile. Zilikwisha zote, Mama. Balizipiga masasi ndani ya zizi, na mimi nilikuwa nimejificha mu matete, naangalia. Hakuna mwenye alibaki nazo. Hata mimi sikubaki nazo."

Kabera alishusha waya wake na kutazama upande mwingine, ingawa sidhani kama alielewa yote.

"Hata Gaju?" Mukashema aliuliza, akimtaja ng'ombe mmoja kwa jina.

"Hata Gaju."

Mama yule alimshika kichwa kwa mikono miwili, akakaa hivyo kidogo. Kisha akaninyooshea mkono nimwinue. Tukapanda boda, yeye katikati, mimi nyuma, hadi Mbarara. Tulifika zikiwa zimebaki dakika kumi na moja. Nesi alikuwa anafunga daftari.

Rutayisire alifika kesho yake asubuhi, gari likiwa limefungwa vizuri rejeta iliyotumika, na yeye mikono imejaa grisi hadi viwikoni. Safari hii hakuna aliyeiletea dawa yake. Alitukuta uani, nesi akiwa ndiyo kwanza anamfungua Mukashema bandeji. Mama alipepesa jicho, akaliacha lizoee mwanga. Alituangalia mmoja mmoja, akanipita mimi, akakaa kwa Rutayisire muda mrefu. Mara ya mwisho alipomwona sawasawa walikuwa bado Minembwe, na nywele za Rutayisire zilikuwa nyeusi tititi.

"Mwana wangu," alimwambia, "umezeeka."