Hofu Aliyoiacha Twaiba

Boga Menza alikuwa mkwezi wa minazi. Miaka arubaini na kitu alipanda, akaangua nazi, akashuka. Aliikwea minazi ya Msambweni na Milalani, hata ile mirefu ya hoteli za Diani ambayo vijana waliikataa. Hakuogopa. Aliyemwuliza alijibiwa, "Niogope nini, na mikono ninayo?"

Aliyeogopa ni mkewe, Twaiba. Boga akiwa juu akiimba, Twaiba hakutazama. Alisimama chini, uso kaugeuzia kwingine, akisikiliza. Nazi zilianguka, naye akazijua kuwa ni nazi. Alichokuwa akingojea ni kishindo kingine, na hakikuja. Miguu ya Boga ilipogusa mchanga ndipo alipogeuka. "Haya, twende tukale."

Magoti yalipochoka, Boga akaacha kukwea. Akadhani sasa mkewe atapumzika.

Kisha yakaja makontena.

Yaliletwa na malori, meupe, marefu, yakapangwa safu nne kwenye uwanja uliokuwa shamba la mikanju, nyuma ya nyumba yao. Kutoka mlango wa uani hadi seng'enge ni hatua sitini. Kabla ya hapo uliitishwa mkutano kwa chifu. Fundi wa kampuni, kijana wa bara aitwaye Tobias, akaeleza kwamba yale ni mabetri. Mchana jua linawaka kwenye paneli kule Taru, umeme unakuwa mwingi, hauna wa kuutumia. Unaletwa hapa, unawekwa. Jioni Diani wakiwasha taa zao, unatolewa.

"Ni kama ghala," akasema Tobias. "Ghala ya umeme."

Twaiba akasimama upande wa wanawake. "Ghala la mahindi likiungua, mwanangu, tunakosa ugali. Hilo lenu likiungua, tunakosa nini?"

Watu wakacheka. Tobias naye akacheka. "Haiwezi ungua, mama. Wacha presha."

Wenye nyumba za karibu wakatakiwa kukubali. Kila nyumba, kidole kimoja. Boga akachovya dole gumba kwenye wino, akabandika. Njiani kurudi alimwambia mkewe, "Umeniaibisha." Twaiba alipofika nyumbani aliburuta kitanda kutoka ukuta wa nyuma akakipeleka ukuta wa mbele.

Makontena yalikuwa na mapanka ya kujipoza, yakivuma mchana kutwa. Jua likiwa kali, yalivuma zaidi. Baada ya sala ya alasiri Twaiba alisimama mlango wa uani, uso kaugeuzia kwingine, akisikiliza. Boga alimwona.

Kampuni ikampa Boga kazi ya kufyeka majani kando ya seng'enge, upana wa hatua kumi, pabaki peupe, moto wa mashambani usipate njia. Tobias akamfundisha. Usiguse kitu. Ukiona moshi usimwage maji. Ukisikia king'ora, ondoka, hatua mia mbili, kule upepo unakotokea. Milango ya kontena inaweza kuruka.

"Kuruka vipi?" aliuliza Boga.

"Kuruka, mzee. Kama mfuniko wa sufuria."

Hayo hakumwambia Twaiba. Angemwambia nini? Kidole kilikuwa chake.

Twaiba alianguka jikoni asubuhi moja, akipepeta mchele. Hakuamka. Daktari alisema presha. Presha huletwa na nini, Boga hakuuliza.

Akazikwa. Watu wakaja, wakaondoka. Ndani wakabaki watatu: Boga, binti yao Ummi aliyerudi kutoka Ukunda kumtazama baba, na Bi Sidi, mama yake Twaiba, aliyepita miaka themanini na miguu yake haikumbeba tena. Na hofu ilibaki. Twaiba alikuwa ameishika miaka yote ile, na alipoondoka haikwenda naye. Ilimwingia Boga kifuani siku ya nne, akiwa anafyeka, akasikia panka moja limekatika sauti kisha likaendelea. Panga likamtoka mkononi.

Tangu hapo hakula vizuri. Alilala na viatu.

Siku ya arubaini ikafika, na hitma ya kumsomea marehemu. Mpishi alikuwa Mbarak, binamu yake Boga, mtu wa maneno. Alikuja asubuhi na masufuria matatu makubwa. Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja wa mbele ukawa tope. Akazunguka nyuma. Akaona ule ukanda uliofyekwa kando ya seng'enge, mweupe kwa mchanga, mkavu, hauna jani.

"Binamu, hapa ndipo," akasema. "Umetufyekea jiko zuri."

"Hapo pa kampuni."

"Kampuni imefiwa na mke? Acha watu wapate kula."

Boga akatazama makontena. Akatazama watu walivyokuwa wakiingia, kanzu na mabuibui, na hapana pengine pakavu. "Basi upesi," akasema.

Kuni zilikuwa zimelowa kwa mvua. Mbarak akazisaidia kwa makumbi ya nazi, na makumbi yana moshi. Upepo ulitoka baharini, ukauchukua moshi wote, ukaupitisha kwenye seng'enge. Boga hakuuona. Alikuwa ameketi barazani na wanaume, msahafu umegawiwa juzuu juzuu, yeye ambaye hakusoma ameshika tasbihi.

King'ora kikalia.

Hakuwahi kukisikia. Kilianza chini, kikapanda, kikashuka, kikapanda. Watoto wakadhani ni gari la wagonjwa. Boga akageuka, akaona moshi mweupe umezunguka makontena ya safu ya kwanza. Masikio yakaziba. Mtu akapiga kelele, "Barabarani! Barabarani! Msiende nyuma!" Baadaye waliambizana kuwa aliyepiga kelele ni yeye.

Watu wakatoka kama maji. Wazee wakabebwa, viatu vikabaki. Mbarak alipita mbio na mwiko mkononi. Boga naye alikimbia. Magoti aliyoyalalamikia miaka mitano hayakuuma hata kidogo. Alikimbia hadi msikiti wa barabarani, akashika ukuta, akahema.

Ummi akamfikia. "Alhamdulillahi, baba. Bibi umemweka wapi?"

Boga akamtazama.

"Baba, bibi yuko wapi?"

"Si umemtoa wewe?"

Ummi akashika kichwa. Siku zote mwenye kumwamsha Bi Sidi, kumwosha na kumtoa nje alikuwa Twaiba, na baada yake Ummi. Boga hajawahi hata kuingia chumbani mwake. Mkwe ni mkwe. Miaka hamsini aliamkia nje ya pazia, macho chini, "Shikamoo mama," akajibiwa "Marahaba, baba," akaenda zake. Dini haikukataza kumshika. Haya ndiyo iliyokataza, na haya walikuwa nayo wote wawili.

"Kaa hapa," akamwambia Ummi.

"Baba, niende mimi."

"Kaa! Una watoto."

Akarudi. Safari hii magoti yaliuma. Njia haikuwa na mtu, imejaa makubadhi. King'ora kilikuwa kikimjia usoni, na kila hatua alingojea kishindo. Alitaka kugeuza uso. Hakuweza, maana angejikwaa.

Akafika kwenye pazia. Akasimama. Ndiyo, alisimama. Nje kunalia, nyumba inatetemeka kwa ile sauti, na mzee yule amesimama mbele ya kipande cha kitambaa, mkono umekataa kukifunua.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba," ikajibu sauti ndani. "Ni wewe, Boga? Watu wamekwenda wapi? Mbona kunalia?"

"Mama, inatakiwa utoke."

"Nitoke kwa miguu gani?"

Boga akashika ncha ya pazia, akaiachia.

"Wewe umekuja kunitoa, au umekuja kuniamkia?"

"Kukutoa, mama."

"Basi ingia, baba. Leo tusioneane haya. Aliyetufanya tuoneane haya ameshakufa."

Akaingia. Akamwinua kutoka kitandani. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, kama kuti kavu. Alimbeba hadi mlango wa mbele. Pale kizingitini magoti yakakatika. Wakaanguka wote wawili, si kwa nguvu, wakakaa chini, bibi amemwegemea begani.

"Inuka, twende," akasema Bi Sidi.

"Siwezi."

"Basi nenda peke yako."

"Siwezi," akasema tena Boga.

Wakakaa. Bi Sidi akamshika mkono, mkono ambao hajaushika hata siku ya ndoa. Akaanza kusoma polepole, aya anazozijua. Boga akafumba macho. Alingojea. Alingojea mlango uruke. Akajua sasa Twaiba alikuwa akisikiliza nini chini ya minazi, miaka yote ile, na yeye juu akiimba.

King'ora kikanyamaza.

Ilipita nusu saa ndipo pikipiki ya Tobias ikaja. Alikagua safu zote, akatazama simu yake, akatazama mafiga ya Mbarak. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Nani amepikia hapa? Moshi yenu imeingia kwa mashini. Betri ziko sawa kabisa!"

Watu wakarudi mmoja mmoja, wakitafuta viatu. Woga ukageuka mzaha.

"Mbarak, pilau yako nusura ituue!"

"Bado hamjaila, mngekufa kweli."

"Na huo mwiko ulitaka ukampige nani?"

Pilau ilikuwa imeshika chini, wakaila hivyo hivyo. Hitma ikamalizwa, dua ikaombwa. Siku ile ile king'ora kikapewa jina: king'ora cha pilau. Boga hakucheka. Alimngojea Tobias kwenye pikipiki.

"Mwanangu. Siku ikiwa kweli, kitalia vipi?"

"Vipi aje, mzee?"

"Hiki cha moshi wa kuni nimekisikia. Cha moto wa betri kikoje?"

Tobias akafikiri. "Ni hicho hicho tu."

"Hakuna tofauti?"

"Hakuna. Lakini hiyo siku haitafika."

Boga akawatazama watu waliokuwa wakicheka ndani ya ua wake. Watoto walikuwa tayari wakiiga ile sauti na kukimbizana.

Wiki iliyofuata alinunua wilbaro iliyotumika kwa fundi wa matofali. Akaiosha, akatandika godoro la kitoto. Bi Sidi alipoiona alisema yeye si saruji. Lakini akakubali kuwekwa. Asubuhi, umande haujakauka, Boga alimsukuma hadi msikitini na kurudi. Mara ya kwanza alipumzika mara tano. Baada ya wiki mbili, mara mbili. Vijana wa bodaboda wakawa wanamwita, "Mzee, hiyo nauli ni ngapi?" Bi Sidi ndiye aliyewajibu, na majibu yake hayafai kuandikwa.

Ummi alimsihi wahamie Ukunda. Boga alisema kaburi la Twaiba liko hapa. Akasema vilevile, kwa sauti ya chini, kwamba kidole kilikuwa chake.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, kikalia tena.

Hapakuwa na moshi aliouona. Makontena yalikuwa meupe, kimya, jua limeyawakia. Kikapanda, kikashuka, kikapanda. Boga akaingia chumbani bila kupiga hodi, akamwinua Bi Sidi, akamweka kwenye wilbaro, akashika vipini, akasukuma.

Alipita nyumba ya jirani. Wanawake walikuwa wakikuna nazi. Mmoja akamwinulia mbuzi ya kukunia. "Mzee Boga! Nani anapika leo?"

"Tokeni!" akasema. "Tokeni nje!"

Wakacheka. Walimpenda, walicheka kwa mapenzi. Akapita duka la Mwero. Watu wameketi, wanakunywa kahawa. Akawaambia. Mwero akamwambia asijichoshe, mzee, ni mambo ya moshi yale. Hakuna aliyeinuka.

Alifika msikitini jasho linamchuruzika machoni. Akageuza wilbaro, Bi Sidi akatazama walikotoka. Kijiji kizima kilikuwa kule, kikikuna nazi, kikinywa kahawa, ndani ya sauti ile.

Ikakatika. Simu ya Boga ikalia. "Mzee, ni Tobias. Tulikuwa tunajaribu tu. Nilisahau kuwaambia watu. Hukushtuka?"

Boga akairudisha simu mfukoni.

"Ilikuwa ya uongo?" aliuliza Bi Sidi.

"Ya uongo."

"Basi turudi, jua linaniunguza."

Boga hakuinua wilbaro. Alikuwa amesimama, akitazama makontena kule juu ya mapaa.

"Ngoja kwanza, mama," akasema. "Ngoja kidogo."