Mkanda wa Kipaimara cha Anjela

Bartholomeo Kihwele aliufungua mfuko wa nailoni, akachungulia, akaufunga tena. Halafu akaenda kunawa mikono, ingawa alikuwa hajagusa kitu.

"Mama, huu mkanda ulikuwa unakaa wapi?"

"Jikoni, darini," alijibu Mama Anjela, kwa sauti ya mtu anayetaja benki. "Pamoja na mbegu."

Kule kwao Idodi mahindi ya mbegu hutundikwa juu ya moto ili moshi uwafukuze dumuzi. Kitu cha thamani hukaa pale. Kwa hiyo mkanda wa video wa mwaka 1999 ulikaa juu ya mafiga zaidi ya miaka ishirini, ukifukizwa sawa na mahindi, na kwa kweli hakuna dumuzi hata mmoja aliyeugusa. Waliougusa ni mende. Walizaliwa humo, wakafa humo, na kati ya matukio hayo mawili waliishi maisha yenye shibe ambayo ushahidi wake ulijaa kila tundu. Masizi yalikuwa yamekwishaushikilia uchafu huo, kama lami inavyoshika kokoto.

Bartholomeo alikuwa na miaka sitini na mmoja, na kinyaa chake hakikuanzia kwa mende. Alikuwa amepiga video za harusi, ubatizo na misiba pale Iringa mjini tangu kamera zilipokuwa zinabebwa begani kama gogo. Sasa kazi yake ilikuwa kuhamisha mikanda ya zamani kwenda kwenye DVD, na kazi hiyo ilimkutanisha na aibu zote za wenzake. Mafundi waliorusha mioyo myekundu juu ya jeneza, ili picha ichangamke. Mafundi walioshindilia saa sita za harusi kwenye diski moja mpaka bibi harusi akawa uji uliokatika.

"Hiyo si DVD," alikuwa anawaambia wateja. "Hiyo ni lumbesa." Na kwa kuwa mkoa mzima unajua gunia la viazi lililovimba mpaka linavaa kilemba, hawakuhitaji maelezo. Yeye alikuwa na sheria: saa moja, diski moja.

"Mbona DVD ipo?" Mama Anjela alifungua pindo la kitenge, akatoa diski. "Mdogo wake Anjela alipeleka mkanda Mbeya mwaka juzi. Hebu iangalie, uniambie mwanangu ni yupi."

Bartholomeo akaiweka. Baada ya dakika moja akasogeza kiti nyuma.

Fundi wa Mbeya hakuwa na waya wa kuunganisha deki na kompyuta. Alikuwa amecheza mkanda kwenye televisheni, akaielekezea simu, akarekodi. Kioo cha televisheni, ambacho hakibagui, kikamrekodi na yeye: fulana imepandishwa hadi kifuani, ingawa baridi ya Mbeya haina mzaha, tumbo linang'aa, mkono unaingia na kutoka kwenye mfuko wa chipsi. Kila chipsi ilifuatiwa na kulamba vidole vitano, kimoja kimoja. Nyuma ya tumbo hilo wasichana kumi na wawili, wote wenye magauni meupe na shela nyeupe, walikuwa wakipita kama matone ya maziwa.

"Anjela yumo humo," Mama Anjela alisema. "Miaka miwili naangalia. Siku nyingine nasema ni wa pili. Siku nyingine wa tisa. Mama mzima, simjui mtoto wangu!"

Anjela alikufa mwaka uliofuata kipaimara, malaria ilimpanda kichwani. Picha yake pekee ilikuwa ukutani, na mchwa wa Idodi hawasomi sura ya mtu kabla ya kula.

"Nikimwona uso tu, baba, inatosha."

"Mimi siongezi kitu, mama. Kama uso umo kwenye mkanda, nitautoa. Kama haumo, haumo."

Kazi ilichukua siku tatu. Alifungua kasha, akawakokota mende marehemu nje kwa mswaki, na siku hiyo hakula mchana. Roda mbili zinazozungushia tepu akazihamishia kwenye kasha safi, la mkanda wa harusi ambayo wahusika wenyewe walikuwa wameshaikana. Tepu akaifuta kwa kitambaa laini na spiriti, kipande kwa kipande, na kila kitambaa kilitoka kama utumbo wa bomba la moshi. Akasafisha kichwa cha deki. Akauzungusha mkanda mbele na nyuma bila kuucheza, ulegee. Kisha akaunganisha deki na kompyuta kwa waya mzuri aliokuwa hamwazimi mtu, akabonyeza, akakaa mikono mapajani. Mkanda wa namna ile hukubali kubembelezwa mara moja.

Picha ikaja. Sura zilikuwemo! Wasichana kumi na wawili, kila mmoja na pua yake, mpaka pini za shela zilionekana. Bartholomeo alisikia kitu kinachofanana na furaha, hisia ambayo haikumkaa vizuri.

Baada ya maandamano, akina mama wakaja wakicheza kuwatunza watoto vitenge. Mmoja wao akasimama mbele ya binti yake, mgongo ukaziba nusu ya picha. Hapo ikasikika sauti ya mpiga picha:

"We mama, unaziba! Toka hapo, mgeni rasmi anakula!"

Kamera ikaruka kushoto, ikatua kwa mfanyabiashara wa mbao aliyechangia bati za kanisa, ikabaki kwake dakika tisa. Alikuwa anakula paja la kuku. Mafuta yalishuka kidevuni kwa utulivu, na punje moja ya wali ilipanda na kushuka kwenye sharubu bila kuamua. Ubora wa picha ulikuwa wa hali ya juu.

"Mbwa gani huyu kashika kamera?" Bartholomeo alikiuliza chumba.

Mpiga picha akakohoa. Bartholomeo alikifahamu kikohozi kile. Alikuwa amelala nacho kitanda kimoja maisha yake yote.

Fundi wa Mbeya, alifikiri, angalau alionyesha tumbo tu.

Jumamosi Mama Anjela akaja. "Kamwene," alisema, akaketi kabla hajaitikiwa. Wasichana walipoanza kupita alisogea mpaka pumzi yake ikagusa kioo.

"Wa nne! Rudisha. Wa nne, huyo anayetafuna! Yaani mtoto huyu, mdomo haukukaa mtupu hata siku ya Bwana." Alicheka, akafuta macho kwa pindo la kitenge, akataka irudishwe tena. Ilirudishwa mara saba.

Kisha wakafika kwa akina mama. Bartholomeo akainuka, akajitafutia shughuli kwenye rafu.

"Huo mgongo ni mimi," alisema Mama Anjela.

Juu ya bega la mgongo ule, kwa muda wa kupepesa macho mara mbili, Anjela alikuwa anamcheka mwenye bega. Halafu: "We mama, unaziba!" Na kuku.

"Na huyu anayenifokea?"

"Ni mimi, mama."

Alimkagua kama anayechambua mbegu iliyotobolewa. "Ulikuwa huna adabu."

"Nilikuwa kijana."

"Ulikuwa na ndevu."

"Naweza kuitoa hiyo sauti," Bartholomeo alisema. Katika miaka yote alikuwa hajawahi kumwahidi mteja uongo wa namna hiyo. "Ni kazi ya dakika tano tu. Zibaki nyimbo."

"Huyo mzee anayekula, mtoe. Sauti yako iache. Wajukuu wakiuliza kwa nini bibi yao kakatwa hapo, wamsikie aliyekata."

Alitaka nakala tatu: ya Idodi, ya Mbeya, na ya akiba. Bartholomeo akazichoma kwa mwendo wa taratibu, kama alivyofanya siku zote, ili diski isije ikakwama. Kisha akazikagua zote tatu, mwanzo hadi mwisho. Sauti yake ilitoka safi kabisa, haina mkwaruzo.