Siku Arubaini Nilizomngoja Mama

Ndugu msomaji, mimi si mtu wa katuni. Miaka mingi nimesikia ikidaiwa kuwa filamu hizi za kuchorwa humfunza mtoto kuyajua yaliyomo moyoni mwake, na sikuwahi kuyapokea madai hayo, maana "wanasema" si ushahidi. Nitakueleza nililoliona kwa macho yangu alasiri ya Alhamisi iliyopita, nyumbani kwa binti yangu huko Pongwe.

Mke wangu alikuwa na wiki tatu kaburini. Mjukuu wetu wa miaka sita, aliyelelewa na bibi yake huyo, alikuwa ameambiwa kwamba bibi kapelekwa Dar es Salaam kutibiwa. Tangu hapo mtoto akawa anawauma wenzake, anamwaga uji, anajificha uvunguni. Siku hiyo alikuwa akitazama filamu ya nungunungu mdogo aliyefiwa na kaka yake. Kila aliyemgusa nungunungu yule alichomwa na miiba yake, hata rafiki zake wakamkimbia, mpaka mama yake akamwambia kuwa miiba ile haikuwa hasira bali majonzi, na kwamba yeye pia anayo. Mjukuu wangu akainuka, akaja kusimama mbele yangu.

"Babu, mie nna miiba kama yule. Bibi harudi, eti?"

Binti yangu alikuwa mlangoni, mwiko mkononi. Alinitikisia kichwa: nisiseme. Lakini mimi sikuwa pale tena. Kwa mawazo nilikuwa nimekwisha kurudi Kigombe, kijijini kwetu, mtoto wa miaka saba.

Kigombe ya wakati ule iliamka kwa mkwaruzo wa mbuzi za kukunia nazi, nyumba hii ikiipokea nyumba ile. Mama alikaa barazani akisuka ukili wa mikeka, na kazi yangu ilikuwa kumchambulia miyaa, yale majani ya kusukia, na kuirowesha. Mchana tulikula bada, ule ugali mweusi wa muhogo, kwa mchuzi wa papa, na mama alikuwa na mazoea ya kuniambia, "Tonge kubwa haliongezi kimo." Mwaka huo alikuwa mja mzito, na mimi nilikuwa ninamwonea kijicho mtoto ambaye hajazaliwa.

Asubuhi moja jirani yetu, mwanamke mcheshi aliyeuza vitumbua, alikuja kunichukua nikiwa bado nina usingizi. Nilikaa kwake siku tatu. "Mamako kasafiri," alinambia. "Kaenda Pangani kwa shangaziye. Kula." Baba naye, nilipomwona, akasema Pangani. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani akasema Pangani. Ndiyo iliyokuwa desturi yetu: mtoto hapewi habari ya mauti. Hufichwa kwa jirani mpaka jeneza litoke, na kijiji kizima huafikiana juu ya safari moja. Usidhani walikuwa watu wabaya. Walikuwa watu wema, wenye huruma, na hilo ndilo linaloniwia zito mpaka leo.

Basi nilingoja. Kila alasiri nilikwenda kukaa kando ya barabara ya Pangani, nikirudi jioni na vumbi usoni. Nikawa mkali. Nilimpasua mwenzangu kipaji cha uso kwa ubao wa kuandikia, nikauvunja mtungi wa jirani kwa makusudi. Mwalimu alinichapa; fimbo ilipokosa kufaa, akaniandikia kombe, aya kwa zafarani sahanini, zikaoshwa kwa maji nikanywa. Wakanong'onezana kuwa nimepandwa na shetani. Katika watu wazima wote wale hapakuwa na mmoja aliyeniambia jina la kitu nilichokuwa nacho.

Ikafika siku ya arubaini. Nilikuta mbuzi wawili wamechinjwa, majamvi yametandikwa uani, na masufuria ya pilau yakinukia bizari na iliki mpaka njiani. Nikatoa hukumu yangu mwenyewe: watu hawapiki namna hii bure, mama anarudi. Nikaoga bila kuamrishwa, nikavaa kanzu ya Idi, nikaenda kumtangazia rafiki yangu.

"Leo?" aliuliza.

"Leo leo."

"Basi akikuletea halua usinifiche, bahili wee!"

Wanaume walisoma Kurani uani. Sisi watoto tulikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, tukigawiwa ukoko. Sauti ya mwalimu ilipopanda kuomba dua, alimtaja anayekusudiwa kufikiwa na thawabu za kisomo kile: marehemu, kisha jina la mama, kisha jina la babake. Neno marehemu nilikuwa ninalijua. Ukoko ulikuwa mdomoni. Nikautafuna, nikaumeza, nikanyoosha mkono kuomba mwingine, kwa sababu wanawake wote walikuwa wamegeuka kunitazama.

"Mwoneni, mwanamume huyu," jirani akawaambia wenzake kwa kunisifu. "Hata chozi!"

Sifa ile niliishika. Sikumlilia mama, sikumlilia baba, wala sikumlilia mke wangu.

Nilipokuwa mtu mzima nilirudi Kigombe kuliulizia kaburi la mama, aliyefariki kwa uzazi pamoja na mtoto wake. Baba alikuwa amekwisha kufa bila kuligusa jambo hilo, na makaburi yetu hayakuwa na majina. Watu watatu walinionyesha makaburi matatu, kila mmoja akiapa. Nimeyasomea Yasini yote matatu. Leo hao watatu nao hawapo. Nyumba ya jirani imebaki msingi, na chuo kimekuwa bohari ya saruji.

"Harudi," nilimwambia mjukuu wangu. "Bibi yako amekufa. Tumemzika."

Alinipiga kifuani kwa ngumi zote mbili. Kisha akalia, kilio ambacho sijapata kukisikia kwa mtoto.

"Baba! Umeniharibia mtoto!"

"Keti, mwanangu," nilimwambia binti yangu. "Nawe ulie."

Alitoka mlangoni, akatusogelea. Kisha akaketi sakafuni na mwiko wake, na mtoto akamtazama usoni, akamuuliza, "Mama, kumbe nawe unayo?" Sikuhitaji kuambiwa na mtu tena juu ya filamu zile. Zilikuwa zimempa mtoto yule neno nililolikosa mimi.

Asubuhi ya pili yake nilimpeleka makaburini. Aliuliza kichwa cha bibi kiko upande gani, nami nikamwonyesha bila kusita, kwa kuwa nilishuka mwenyewe kaburini kumlaza mwanandani. Akaweka kiganja mchangani. "Shikamoo, bibi," akasema, akangoja kidogo. Kisha akaniinulia uso.

"Babu, na mama yako wewe, kichwa chake kiko wapi?"

Nikamjibu kuwa sijui.