Watano kwa Wanne, na Ardelia Hayupo

Asubuhi ile ya Machi Ardelia Tarpley alipika uji mzito wa mahindi, akaweka siagi katikati, akamsogezea mumewe bakuli. Kisha akavaa miwani, akafungua gazeti. Clovis hakusoma shule. Miaka hamsini na moja mkewe ndiye aliyemsomea kila kitu, gazeti, barua, hata chupa za dawa, na hapakuwa na mtu mwingine Chicago aliyelijua hilo.

"Majaji wanasikiliza ile kesi ya bastola," alisema. "Huenda wakauambia mji uache kutukataza."

"Wakituruhusu, nanunua."

"Wewe? Hata panya unamfungulia mlango atoke."

"Nanunua, Ardelia."

"Wakiruhusu, tutakaa chini tuzungumze. Kabla ya hapo usinichoshe. Kula, unapoa."

Kesho yake Ardelia alikuwa anakunja nguo, moyo wake ukasimama.

Alikuja Chicago kwa treni kutoka Mississippi, mwaka hamsini na saba, na kuku wa kukaanga ndani ya boksi la viatu, maana mama yake hakuamini kama mtu mweusi atahudumiwa njiani. Alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa umoja wa mtaa wao, na bango la pale kona alilitundika yeye: marufuku kamari, marufuku kuosha magari, marufuku muziki wa kelele. Vijana wakijazana pale, hakuita polisi. Alikaa kwenye ngazi za nyumba yake, akawaita kwa majina ya bibi zao. "Wewe mjukuu wa Hattie, suruali!" Suruali ikapandishwa.

Hukumu ilitoka Jumatatu ya mwisho wa Juni. Clovis alikuwa kwa Vernell, kinyozi wake. Redio ikasema majaji watano kwa wanne: mji hauna haki ya kumkataza mtu bastola nyumbani kwake.

Lonzo Beecham, jirani yake, akapiga paja. "Hatimaye! Wahuni wanazo siku zote. Sasa zamu yetu wazee."

"Zamu ya kuzikana," alisema Vernell, wembe mkononi. "Mwezi huu nimeitwa kunyoa maiti wawili. Hakuna aliyefika miaka ishirini."

"Watano wamesema, Vernell."

"Na wanne je? Wale mbuzi?"

"Watano ni wengi kuliko wanne. Au shule ulikwenda kulala?"

"Jaji mmoja angeamka anaumwa tumbo, saa hii ungekuwa unalia hapo."

Watu wakacheka. Clovis alishavua kitambaa cha shingoni, nywele nusu. Alitaka kuwahi nyumbani akamwambie Ardelia. Alifika mlangoni ndipo akakumbuka. Akarudi kwenye kiti.

Jumamosi Lonzo akamletea karatasi ya kuombea kibali. Wakakaa kwenye ngazi.

"Jaza, mzee mwenzangu. Kibali kikitoka, nakupeleka mwenyewe dukani, nje ya mji."

Clovis akaishika karatasi.

"Miwani umeacha wapi? Lete nikusomee."

"Hapana."

Bastola aliitaka. Hata siku ile aliitaka. Mahakama ilishasema, na kilichobaki kilikuwa kukaa chini wazungumze. Maneno yake mwenyewe alikuwa nayo, aliyaweka tayari miaka mingi. Majibu ya Ardelia ndiyo aliyoyatafuta jikoni, akayatafuta kitandani, asiyapate. Akiijaza karatasi ile, mazungumzo yatakuwa yamekwisha, naye hajasikia upande wa pili.

Akaikunja.

"Sijazi, Lonzo."

"Kaka, umevunjiwa nyumba mara mbili! Unangoja ya tatu?"

"Najua."

"Au unaogopa marehemu atakufokea?"

"Natamani."

Lonzo akatazama viatu vyake. Gari likapita na muziki juu, hakuna aliyelikemea.

"Nisamehe, kaka."

"Si kitu."

 Baadaye Lonzo akauliza, taratibu: "Ile mara ya pili walipowavunjia, Dada Ardelia alisemaje? Mimi nilisikia anacheka huku ndani, nikadhani amechanganyikiwa."

Clovis akaikumbuka Jumapili ile. Walikuwa wametoka kanisani wakaukuta mlango umelala chini. Yeye alisimama sebuleni amekunja ngumi, anaapa kwamba angekuwa na bastola angewafuata. Ardelia, na kofia yake ya Jumapili kichwani, alipita chumba hadi chumba, akatazama nafasi zilizobaki tupu, akarudi anacheka. Akamshika shavu.

"Wamebeba televisheni, wamebeba redio, wewe wamekuacha. Hawajui kuiba hawa."