Lenzi Iliyorudi Kwenye Tatu

Shule niliishia darasa la tano, lakini kamera ya zamani ikigoma popote mkoa huu wa Mara, inaletwa kwangu Mwisenge. Hata wenye vyeti wananiletea. Kwa hiyo yule mjane wa Butiama aliponiwekea mezani kamera ya marehemu mumewe, nilimwambia aifuate baada ya siku mbili.

Mumewe alikuwaga mpiga picha Kisorya, akiwapiga wanaosubiri kivuko cha Ukerewe. Aliwapiga watu wote isipokuwa mkewe. Mama kila siku alisimikiwa kamera barazani, kisha akaambiwa atapigwa kesho. Ndani ya kamera filamu ilikuwa imebakiza picha moja tu, na hiyo mama aliitaka iwe yake, akiwa amekaa barazani kwake. Tatizo lilikuwa lenzi. Pete ya kurekebisha umbali ilikuwa imekaza kwenye mita tatu, haiendi wala hairudi.

Niliziloanisha hesi, ile mikunjo ambayo pete huzungukia, kwa petroli asubuhi nzima, zikaachia. Ikatoka harufu ya samaki. Marehemu alizilainisha kwa mafuta ya sangara, kosa la mtu wa ziwani hilo, na mafuta yakaganda kama gundi. Kwenye ugando ule palikuwa na alama ya dole gumba, imekauka na mistari yake yote. Niliiangalia kidogo, kisha nikaisugua kwa mswaki ikatoka.

Mafundi wengine huchora alama kwa sindano pale hesi zinapoachana, ili warudishie palepale. Mimi nilikuwa sichoragi; mkono wangu unakumbuka. Nikapaka grisi mpya, nyepesi, nikarudishia. Pete ikazunguka kwa kidole kimoja. Nikaiacha kwenye alama ya mbali kabisa, nikafunga duka kwa kufuli mbili.

Asubuhi ilikuwa kwenye tatu.

Nikasema grisi imezidi. Nikafungua tena, nikapunguza, nikairudisha pete mbali na kuifunga kwa uzi. Kesho yake uzi ulikuwepo, fundo langu lilikuwepo, na pete ilikuwa kwenye tatu. Duka lilinuka sangara, na mimi jana yake nilikula maharage.

Mama alipokuja akauliza kama imepona. Nikamwambia kazi yangu hairudiwi. Ila sikumpa aondoke nayo; nilisema nitampiga mwenyewe.

Kule Butiama aliketi kwenye kiti chake. Kwenye sakafu ya baraza, mita tatu mbele yake, palikuwa na vishimo vitatu vya miguu ya stendi ya kamera. Sikusimama pale. Nilisogea hadi mita mbili, nikaizungusha pete kwenye mbili, ili ijulikane fundi ni nani. Uso wake ukatulia, safi. Kabla sijabonyeza, pete ikasogea chini ya vidole vyangu, taratibu, na uso ukazama kwenye ukungu. Nikairudisha. Ikasogea tena.

"Rudi nyuma, baba," mama akasema bila kutikisika. "Hapo yeye hasimamagi."

Nilirudi nyuma mpaka vishimo vikawa miguuni pangu. Uso ukatokea. Nikabonyeza, filamu ikaisha.

Filamu niliisafisha mwenyewe, nikatoa picha. Kope zake unaweza kuzihesabu. Lakini haangalii lenzi. Anaangalia juu ya bega langu, kwa mtu mrefu kuliko mimi, na anacheka.

Mama picha ameitundika sebuleni. Habari ya lile dole sijamwambia. Ila siku hizi nachora alama kwa sindano, na nikikuta kitu kimegandia ndani, namwuliza mwenyewe kwanza kabla sijasugua.