Aliwaambia Kule Australia Kwamba Tumekufa

Wanangu wa ukurasa huu, anayechapa haya ni mjukuu wangu wa kike, mimi nasema tu. Nina miaka sabini na sita, naishi Cheyo hapa Tabora. Majina nimeyabadili, maana ukoo wa mume wangu bado upo mjini na sitaki waseme bibi kizee kaanika mambo ya ndani.

Niliolewa nikiwa msichana, miaka michache baada ya uhuru. Mume wangu nitamwita Rajabu. Alikuwa fundi wa maji serikalini, tulipanga mtaa wa Mtendeni, tukapata Salehe kisha Zuhura. Jumapili asubuhi alikuwa ananiambia, "Mama Salehe, funga chakula." Tunapanda baiskeli yake, Salehe mbele, mimi nyuma kwenye keria na Zuhura mgongoni, mpaka bwawa la Igombe, jasho linamtiririka na bado anaimba. Tunashinda huko na viazi vyetu vikavu na karanga. Aliwafundisha watoto kuelea, anawashika tumboni pale penye maji machache, Zuhura analia kidogo halafu anacheka. Majirani walinisema, ati najifanya mke wa bwana mkubwa. Sikujali. Nilidhani nimepata.

Kazi ikampeleka Australia kusoma. Miaka miwili tu, alisema. Pale stesheni alimbeba Zuhura mpaka honi ikalia, akaniambia, "Nikirudi nitakuwa bwana maji wa mkoa. Nitunzie hawa." Mwanzoni alituma salamu na matumizi kupitia kaka yake. Matumizi yakakoma, baadaye na salamu. Nikamwendea huyo kaka yake. Akanijibu bila kuniangalia, "Shemeji, vumilia. Masomo magumu."

Kodi ikanishinda, nikarudi kwa baba yangu, kijijini Lusu. Ndipo operesheni ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa ikatukuta. Lori lilikuja asubuhi, wakaezua paa ili tusirudi, wakatushusha porini kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba. Wenzangu walikuwa na waume wa kuwakatia miti. Mimi nilisimamisha kibanda cha mabua kwa mikono yangu, na mvua ikatuwahi. Zuhura akashikwa na surua. Nilimbeba kwa miguu kwenda zahanati, Salehe ananifuata nyuma. Njiani Zuhura akaniuliza, "Mama, baba anakuja Jumapili?" Nikamwambia anakuja. Alikata roho kabla hatujafika.

Nilimwomba shemeji amfikishie Rajabu habari. Alisema ameifikisha. Rajabu hakuja, hakutuma hata pole. Na talaka hakunipa. Nimeishi si mke, si mjane, nikarudi mjini, nikakaanga vitumbua hapa Cheyo mpaka Salehe akawa na nyumba yake.

Sasa mwaka huu, binti wa yule shemeji akaja na simu mkononi. Kuna mwanamke wa Australia alikuwa amemtafuta mtandaoni, mtoto wa Rajabu kwa mke wa Kizungu. Ametuma picha za zamani. Kumbe kila mwisho wa wiki walikuwa wanapakia gari wanakwenda pwani, leo ufukwe huu, wiki ijayo mwingine. Rajabu kavaa kaptura, anacheka, kamshika mtoto mchanga tumboni juu ya maji. Nikauliza mtoto huyo kazaliwa mwaka gani. Ni mwaka uleule nilipomzika Zuhura.

"Huyo mwanamke anajua kwamba sisi tupo?"

Binti akainamisha kichwa. "Mama mdogo, baba yake aliwaambia kwamba mke wake wa kwanza na watoto walikufa wote kwa maradhi. Nimeshindwa kukanusha. Nimemwambia wewe ni dada wa baba yake."

Na wana shida. Rajabu sasa ni mzee, akili zimemtoka na Kiingereza kimemtoka chote. Anasema Kiswahili kitupu, mkewe ameshafariki, na huko hakuna anayemwelewa. Wanaomba ndugu yake azungumze naye. Nilikubali kwa hasira. Nilitaka nimtapikie yote.

Simu ikawaka. Nikaona mzee wa mvi amefunikwa blanketi kwenye kiti. Akaniangalia, hakunijua. "Shikamoo mama," akasema. "Hawa Wazungu wamenizuia. Treni ya Tabora inaondoka saa ngapi? Wanangu wananisubiri."

Nilikuwa nimemhifadhia maneno maisha yangu yote. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Marahaba. Kula kwanza, treni bado."

Akala. Binti yake akalia machozi ya furaha, kwa sababu mzee alikuwa amegoma kula. Tangu hapo wananipigia, na mimi napokea. Nikishakata nakaa jikoni najichukia. Yeye kanisahau na bado ananitumia.

Salehe amejua. Aliingia hata viatu hakuvua. "Mama, mimi nilikuwepo pale njiani. Nilimwona mdogo wangu anakufa anamtaja mtu huyo. Muache afe na Kiswahili chake mdomoni. Ukipokea tena simu yake, mimi usinihesabu." Hajakanyaga kwangu tangu siku hiyo.

Na bado kuna jingine. Yule binti wa Australia ananiita shangazi na nadhani ananipenda kweli. Hajanikosea kitu. Amekata tiketi, kiangazi hiki anakuja Tabora. Juzi aliniomba jambo kwa upole sana, binti wa shemeji akatafsiri: anataka nimpeleke kwenye kaburi la mke wa kwanza wa baba yake, akaweke maua.

Sikujua nicheke au nilie. Nikamwambia aje.

Nyinyi mnaosoma, hata kama ni kunitukana, nitukaneni, lakini mnijibu. Nimrudishe mwanangu, nimwache yule mzee na njaa yake? Na huyu mgeni akibisha hodi na maua yake mkononi, nimwambie mimi ndiye marehemu, au nimtafutie kaburi la mtu?